Mechi 107

"Wale wako wa barafuni wameamkaje?"

Ndivyo baba alivyonisalimia kwenye simu kuanzia Oktoba 2023 mpaka Juni 2024. Hakuanza na mvua za vuli, wala bei ya sukari, wala goti lake. Alianza na Edmonton Oilers, timu ambayo hajaiona ikicheza hata dakika moja, ya mchezo ambao mimi mwenyewe, ninayeishi mjini kwao, ulinichukua miaka kuuelewa. Nataka kuusimulia msimu ule jinsi tulivyouishi sisi wawili, yeye akiwa Ngamiani, Tanga, mimi nikiwa Edmonton, jimbo la Alberta, Kanada. Tangu niondoke nyumbani sijawahi kuzungumza na baba mara nyingi kiasi kile, na kilichotuzungumzisha ni magongo ya barafu.

Mimi ni fundi matairi. Ligi ya hoki huanza mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi ndio wa msongamano kwetu: theluji ya kwanza ikitishia tu, mji mzima unakumbuka kwamba magari yangali na matairi ya kiangazi. Tukifungua saa moja asubuhi foleni imeshafika barabarani. Jeki, bunduki ya hewa ya kufungulia nati, mashine ya kubalansi, tairi linashuka, tairi linapanda, mpaka jioni vidole vimekufa ganzi. Na juu ya kabati la spana ipo redio ya bosi, imeganda grisi, ambayo haijabadilishwa stesheni tangu siku niliyoajiriwa. Ni Oilers tu. Asubuhi wanachambua mechi ya jana, mchana wanaingoja ya leo, usiku wanaitangaza.

Kwa hiyo hoki niliijua kwa masikio kabla ya macho, kama watoto wengi wa kwetu tulivyoijua soka. Wachezaji watano na kipa kila upande, vipindi vitatu vya dakika 20, kwenye sakafu ya barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Kinachogombewa si mpira, ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, gramu kama 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mchezaji anakwenda kasi kwa sekunde 40 au 50, anaruka ukuta kutoka, mwenzake anaingia, na mchezo hausimami kumsubiri yeyote. Mtangazaji anamwaga majina kama dalali wa mnada. Miezi ya mwanzo nilisikia kelele. Halafu siku moja, nikiwa nimechuchumaa ubavuni mwa gari, nikatambua kwamba najua nani yuko barafuni hata kabla hajatajwa, kwa sababu sauti ya mtangazaji hupanda kidogo kila Connor McDavid, nyota wa timu, anapoingia. Hupanda kabla hajagusa chochote. Tangu hapo nikawa wao.

Baba yeye ni wa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Alinipeleka Mkwakwani nikiwa nimepanda mabega yake, na hadithi niliyolala nayo utotoni si ya sungura wala fisi, ni ya mwaka 1988, Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa wa Bara. Hawajaurudia mpaka leo. Siku nilipomweleza Oilers ni nani, nilianza na jina: ni watu wa mafuta, maana mwaka 1947 mafuta yalipatikana Leduc, pua na mdomo na mji huu. Nikaendelea na makombe. Wametwaa Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa ligi, mara tano: 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Na mwezi Agosti mwaka ule wa 1988, jasho la kombe la nne halijakauka vizuri, mwenye timu akamuuza Wayne Gretzky kwenda Los Angeles. Gretzky ni kwa hoki alivyo Pelé kwa soka.

Baba alinyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

"Themanini na nane," akasema. Akarudia tena, taratibu, "Themanini na nane."

Kisha akauliza swali ambalo nililitarajia: weusi wamo? Nikamwambia wamo. Beki Darnell Nurse alikuwamo, Evander Kane alikuwamo. Na zamani, kwenye vikosi vya makombe yote yale matano, alikuwamo kipa Grant Fuhr, kijana mweusi aliyezaliwa Spruce Grove, kamji kaliko hapa jirani tu, mtu mweusi wa kwanza kulishika Kombe la Stanley. Baba amekuwa kipa ujanani. Hilo la Fuhr lilimkaa.

Sasa nieleze saa, maana msimu wetu ulikwenda kwa saa. Wakati wa baridi Tanga iko mbele ya Edmonton kwa saa kumi. Mechi ya hapa nyumbani huanza saa moja usiku, na wakati huohuo Tanga ni saa kumi na moja alfajiri, baba anatia udhu. Mechi inakwisha yeye ameshakunywa chai. Mashariki mwa Kanada na Marekani wanatutangulia, kwa hiyo timu ikisafiri kwenda huko mechi inakwisha mapema zaidi, na baba anapata matokeo akiwa ndiyo kwanza anatoka msikitini. Mechi za kawaida msimu ule zilikuwa 82 kwa kila timu. Hesabu mwenyewe ni alfajiri ngapi.

Na msimu ulianza kwa aibu. Tarehe 11 Oktoba, mechi ya kwanza kabisa, tulikwenda Vancouver tukapigwa 8-1.

"Nane?" baba akauliza. "Kwa magongo?"

Wataalamu wote walikuwa wamewapa Oilers nafasi ya kugombea kombe. Mwezi mmoja baadaye walikuwa mkiani. McDavid aliumia, akarudi haraka tarehe 29 Oktoba kwa mechi dhidi ya Calgary Flames, iliyochezwa nje, kwenye uwanja wa Commonwealth, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Calgary ni watani wetu wa jadi. Sihitaji kumfafanulia Mtanzania yeyote; miji miwili ya jimbo moja, na mtu anaweza kuoa kwao lakini jezi yao haingii ndani. Tulishinda 5-2, nikafikiri tumepona. Hatukupona. Tarehe 9 Novemba tukaenda kufungwa 3-2 na San Jose, timu iliyokuwa na ushindi mmoja tu msimu mzima, ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa imefungwa 10-1 na 10-2 mfululizo. Usiku ule bosi alinyoosha mkono akaizima redio. Gereji ikawa kimya, nasikia kompresa peke yake. Mwenzangu wa Bukavu akanitazama, nikamtazama. Hatukuwahi kuisikia redio ile ikiwa imezimwa.

Tarehe 12 kocha Jay Woodcroft akafukuzwa. Alikuwa ameshinda mechi tatu katika 13. Akaletwa Kris Knoblauch, mtu mpole wa kuongea, ambaye aliwahi kumfundisha McDavid alipokuwa kijana kule Erie. Baba hakupendezwa. Ameona makocha wengi wakifukuzwa na timu ikabaki ileile, na kwa muda kidogo alionekana yuko sahihi: mwishoni mwa wiki ya tatu ya Novemba tulikuwa tumeshinda tano, tumepoteza kumi na tatu.

Halafu ikaja nane mfululizo. Halafu tatu za kufungwa. Halafu, kuanzia tarehe 21 Desemba, likaja jambo ambalo nitalisimulia hata kwa wajukuu.

Mtu ambaye hajawahi kuishi Edmonton inabidi aelewe Desemba yake. Jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na saa kumi na robo jioni limeshazama. Unaingia kazini giza, unatoka giza. Theluji inanyonya sauti zote, mji unakuwa kama umefunikwa blanketi, na mgeni anaweza kukaa wiki nzima bila kuambiwa neno zaidi ya bei. Sasa katika giza hilo timu ikaanza kushinda. New Jersey, kisha New York, kisha nyingine, kisha nyingine. Watu wakaanza kuongea. Kondakta hatuna huku, lakini dereva wa basi aliniuliza, "Umeiona jana?" Mama mmoja dukani, ambaye miaka miwili amekuwa akinipa risiti bila kuniangalia, akaniona na kofia yangu ya rangi ya chungwa na buluu akasema namba tu: "Tisa." Nikamjibu, "Tisa."

Ya kumi nakumbuka kila kitu chake. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024. Baridi ya siku ile haina mfano. Uwanja wa ndege wa Edmonton ulipima karibu nyuzi 46 chini ya sifuri. Ukitoka nje unasikia unyevu wa puani ukiganda. Magari huku yana waya unaotokea mbele ya boneti, unayachomeka kwenye umeme usiku ili injini isigande, na barabara yetu nzima ilikuwa imetandazwa nyaya. Oilers walikuwa Montreal. Mimi na mke wangu tuko sebuleni, blanketi magotini, mechi bado 1-1, na ghafla simu zetu zote mbili zikalia kwa pamoja mlio wa king'ora. Na simu za majirani. Nilizisikia kupitia ukutani. Serikali ya jimbo inasema umeme umeelemewa, zimeni kila msichohitaji sasa hivi, la sivyo itabidi tuwakatie watu kwa zamu.

Tukazima. Taa, jokofu la nje, televisheni pia. Nikavaa makoti mawili nikatoka kuchomoa gari. Pale nje nikaona jambo: madirisha ya mtaa mzima yalikuwa yakizimika moja baada ya jingine, bila mtu kumpigia mwenzake kelele. Nikarudi ndani tukaisikiliza mechi kwa simu, tumeibanisha katikati ya vichwa vyetu gizani. Muda wa nyongeza, beki Evan Bouchard akafunga. 2-1. Kutoka gorofa ya chini, kwenye giza totoro, mtu akapiga makofi.

Nikampigia baba palepale. Alikuwa ndiyo anarudi kutoka kuswali.

"Mbona unanong'ona?"

"Tumezima taa, baba. Umeme umezidiwa."

"Hata huko?" Miezi ile Tanzania ilikuwa kwenye mgao mkali, kwao ulikatika karibu kila siku. Akafikiri. "Basi tumeshinda gizani, wote wawili."

Ni mara ya kwanza kumsikia akisema *tume-*. Sikumwambia kitu, nisije nikamshtua akaacha.

Ya kumi na sita niliiona kwa macho yangu. Bosi ana viti viwili vya msimu kule juu karibu na paa, na tarehe 27 Januari rafiki yake alipata dharura. Akanitazama mchana, akasema nikaoge. Sijawahi kuingia Rogers Place kabla ya hapo. Tiketi si bei ya fundi. Nilidhani nitakachokumbuka ni kelele za watu elfu kumi na nane. Ninachokumbuka ni sauti ya chuma kukata barafu. Redioni haisikiki. Wanapogeuka wote kwa pamoja, viatu vinatoa sauti kama ya khanga mpya inayopasuliwa katikati, ndefu, safi, na unga mweupe unaruka. Na harufu: baridi ina harufu ndani ya ukumbi ule, ya maji na chuma, kama mlango wa jokofu la samaki pale Deep Sea asubuhi kabla samaki hawajaingizwa. Wakati wa mapumziko gari la kulainisha barafu linapita polepole likiacha nyuma yake maji ya moto, na maji yale yanaganda na kung'aa mbele ya macho yako, mikwaruzo yote ya kipindi kilichopita imefutika. Nimefanya kazi ya mikono maisha yangu yote. Ningeweza kuliangalia gari lile usiku kucha.

McDavid kwa karibu ni mwembamba kuliko nilivyomjenga kichwani. Kasi yake si ya kukimbia. Wengine wanaongeza mwendo. Yeye unamwona hapa, kisha beki ameshageuza shingo kumtafuta. Tulishinda 4-1 dhidi ya Nashville. Nilimrekodia baba dakika ya mwisho, watu wamesimama wote, na asubuhi akanijibu kwa sauti yake, nyuma yake kunguru wa Tanga wakilia: amewachezea ile sauti wazee wenzake kibarazani, wanauliza ni uwanja gani huo ambao watu hawakai.

Rekodi ya ligi ni ushindi wa mechi 17 mfululizo, ya Pittsburgh Penguins mwaka 1993. Tulihitaji moja kuifikia. Tarehe 6 Februari tukaenda Las Vegas tukafungwa 3-1. Ndiyo hivyo.

Ramadhani iliingia Machi. Saa zilikuwa zimeshasogezwa mbele, na katikati ya mwezi ule jua la Edmonton linazama saa mbili kasoro dakika ishirini. Mechi imeanza saa moja. Ikatokea kwamba kipindi cha kwanza kilikuwa kikielekea ukingoni pale adhana inapolia kwenye simu. Mke wangu anatokea Mombasa, hana mchezo na futari: muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Muhogo tunaununua uliogandishwa, umetoka Amerika ya Kusini, na ukiupika taratibu kwa tui zito unasahau ulikotoka. Tende mkononi, jicho kwenye televisheni. Wachezaji wanaingia vyumbani kupumzika, sisi tunaswali magharibi; wakitoka, sisi tunamimina uji. Siku zilivyorefuka adhana ikasogea ikaingia kipindi cha pili, na kulikuwa na jioni moja nilipopeleka glasi ya maji mdomoni mikono ikitetemeka, kwa njaa au kwa sababu tumebaki wanne dhidi ya watano, mmoja wetu akiwa kifungoni kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Baba upande wa pili alikuwa akila daku wakati mimi sijamaliza futari. Tulikuwa tunafunga mwezi mmoja kutoka ncha mbili.

Kuna jambo linalonigusa ambalo sitaki kuliruka. Watani wetu wa Calgary msimu ule walikuwa na mchezaji anaitwa Nazem Kadri. Ni Mwislamu, na mwaka 2022, alipochukua ubingwa na Colorado, alilipeleka Kombe la Stanley msikitini kwao, London ya Ontario, watoto wakalishika. Alivaa jezi ambayo siwezi kuishangilia. Lakini Edmonton ndiyo yenye Al Rashid, msikiti wa kwanza wa Kanada, uliofunguliwa mwaka 1938, na nawajua vijana wa Kisomali ambao siku Calgary walipokuja hapa walimzomea Kadri kwa saa mbili na nusu kwa moyo wote, kisha wakamtaja vizuri njia nzima ya kurudi nyumbani.

Msimu wa kawaida ulifungwa Aprili. Tulikuwa wa pili kwenye kundi letu, kwa pointi 104, sisi tuliokuwa mkiani Novemba. Zach Hyman alifunga mabao 54. McDavid alitoa pasi 100 za mabao, kitu walichowahi kukifanya watu watatu tu kabla yake: Orr, Lemieux na Gretzky.

Mtoano ni mchezo mwingine. Mnacheza na timu moja mpaka mmoja ashinde mara nne, wachezaji hawanyoi ndevu, na mji unatoa bendera. Ni vibendera vidogo vyenye kijiti cha plastiki, unakibana kwenye kioo cha dirisha la gari, na kwetu gereji kila gari la pili lilikuja nacho. Tuliwatoa Los Angeles kwa mechi tano. Vancouver, walewale wa 8-1, walitupeleka mpaka mechi ya saba.

Hapo ndipo nilipompenda Stuart Skinner. Kipa huyu ni mtoto wa Edmonton hasa, amezaliwa hapa, amekua akizishangilia jezi hizi. Dhidi ya Vancouver mabao yakamwingia vibaya, kocha akamweka benchi mechi mbili, akacheza Calvin Pickard. Mji wake mwenyewe ukamsema. Kwenye redio watu walipiga simu kusema maneno ambayo sitayaandika. Akarudi mechi ya sita, tukashinda. Ya saba, tukashinda 3-2. Nilipomweleza baba, akasema kipa halali na bao alilozuia, analala na lililompita, na kwamba aliyerudishwa golini baada ya kuwekwa benchi anarudi na watu wawili ndani yake. Anazungumza anachokijua.

Na Dallas ikawa zamu yake. Tarehe 2 Juni, mechi ya sita ya nusu fainali, Oilers walipiga mashuti 10 tu golini mchana kutwa, namna ya kusema. Kumi, mechi nzima. Skinner akaokoa yote isipokuwa moja. Tukashinda 2-1, tukaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu 2006.

Katikati ya mechi za Dallas, mwishoni mwa Mei, ikaingia simu ambayo sikuitegemea. Baba hakuuliza habari za barafuni. Coastal Union wamemaliza ligi wakiwa wa nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba, na watacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Alikuwa anaongea haraka kama mtoto. Nilimwacha aongee mpaka salio likamwishia, nikampigia mimi, akaendelea palepale alipoachia.

Fainali ilikuwa na Florida Panthers. Fikiria: timu ya mji wa barafu dhidi ya timu ya pwani yenye minazi. Baba alisema wazi kwamba kama si mimi angekuwa upande wa minazi. Tukafungwa 3-0, tukafungwa 4-1, tukaja nyumbani tukafungwa 4-3. Tatu bila. Katika historia ya fainali za Kombe la Stanley ni timu moja tu iliyowahi kutoka hapo ikachukua kombe, Toronto mwaka 1942.

Mechi ya nne ilikuwa Jumamosi tarehe 15 Juni. Kwetu ilikuwa siku ya Arafa, kesho yake Idi, na nilikuwa nimefunga. Juni ya Edmonton ni kinyume cha Desemba yake: jua linazama saa nne usiku. Mechi ikaanza saa kumi na mbili jioni, jua kali bado liko dirishani, midomo imekauka, na mabao yakaanza kuingia. Moja. Mbili. Tatu. Nane. Nane kwa moja! Namba ileile tuliyoanzia msimu, safari hii imegeuka upande wetu. Mechi ilikwisha na bado nilikuwa na saa nzima na ushei ya kungoja maji, nikatoka nje, magari yanapiga honi, watu wameketi madirishani mwa magari, na kijana mmoja akanitupia chupa ya maji baridi kwa furaha. Nikaishika kifuani mpaka magharibi.

Tukaenda Florida tukashinda 5-3. Tukarudi tukashinda 5-1. Tatu kwa tatu.

Jumatatu tarehe 24 Juni, mechi ya saba, mechi ya 107 ya timu ile kwa msimu ule. Tanga ilikuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne. Baba huamka saa hiyo kwa tahajudi, lakini alfajiri ile aliniambia amekaa tu kitandani, simu mkononi, taa hajawasha. Tulikubaliana nimtumie ujumbe wa sauti kila bao. Wakafunga wao. Nikamtumia. Mattias Janmark akasawazisha dakika mbili na kitu baadaye, nikapiga kelele ndani ya simu. Kipindi cha pili Sam Reinhart akaifungia Florida la pili. Kipindi cha tatu sikutuma chochote, kwa sababu hakukuwa na chochote cha kutuma: dakika ishirini za kushambulia, kisahani kinapita mbele ya goli, mtu anakikosa kwa upana wa kidole, tena, tena. Kengele. 2-1.

Simu yangu ikaita kabla sijajua nitasema nini.

"Umenyamaza," baba akasema. "Nikajua."

Nikamsimulia. Nikamwambia kwamba tuzo ya mchezaji bora wa mtoano wamempa McDavid, ingawa timu yake imeshindwa, jambo la nadra sana. Pasi 34 za mabao katika mtoano mmoja. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 31, ya Gretzky, ya mwaka 1988. Jina lake likaitwa, watu wakangoja, hakutoka. Alibaki chumbani na wenzake.

Nikasikia adhana kwa mbali upande wake, na jogoo.

"Wa themanini na nane," baba akasema. Kisha, "Afanye nini na kikombe kidogo. Mwambie bosi wako, nampa pole."

Asubuhi nilifika gereji kabla ya wengine. Bosi alikuwa ameshafungua. Ana miaka sitini na kitu, mwaka 1984 alikuwa kijana barabarani akishangilia kombe la kwanza, na msimu ule wote, kila nilipoingia, alikuwa akiniuliza mzee wa Tanga amesemaje. Leo hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe: baba anakupa pole. Akataka kujua maana yake. Nikajaribu kueleza. Si kuomba radhi, kwa sababu hakuna aliyekosa. Ni neno la kumpa mtu aliyefikwa na jambo, awe amefiwa au amejikwaa tu mbele yako, ili ajue umeuona uzito wake.

Akalijaribu mdomoni. "Pole." Akalisema vizuri.

"Na yeye mpe," akasema, akainama kuwasha kompresa. Gari la kwanza lilikuwa limeshaingia, kibendera bado kimebanwa kwenye kioo cha nyuma, tairi la mbele kulia limeingia msumari.